Nyumba ya Mshona Kanzu

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Nimeifanya kwa zaidi ya miaka 30, na katika muda huo nimewachorea matajiri na watu wa kadiri, nimechora maduka na madarasa, na hata zizi moja la ng'ombe ambalo mwenyewe alilisifu kuliko nyumba aliyolala. Baadhi ya watu hao hukutana nami njiani wakanipa mkono na kunishukuru. Lakini nikiulizwa ni nyumba ipi iliyonifunza kazi, sitaitaja hata moja kati ya hizo. Nitaitaja nyumba ndogo ya vyumba vinne iliyoko Likoni, ng'ambo ya kusini ya kivuko cha Mombasa, ambayo nilimchorea mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, nikaikosea.

Mjomba alikuwa mshona kanzu. Wajuao kushona kanzu ni wengi; yeye alikuwa mshona kanzu kama vile mtu mwingine awavyo mrefu au mfupi. Vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vimepinda kidogo kwa kushika mkasi, na hata alipozungumza na mtu juu ya mvua au bei ya samaki, macho yake yalishuka mabegani mwa mtu huyo yakampima. Kwa miaka 42 aliketi juu ya baraza moja katika Mji wa Kale wa Mombasa, nyuma ya cherahani ya kukanyaga kwa miguu, akawashonea akina baba, kisha wana wao, kisha wajukuu wao. Nyumba haikuwa yake. Alipanga vyumba viwili pamoja na ile baraza.

Hayo yalikuwa ya mchana. Usiku mjomba alikuwa mtu mwingine. Baada ya sala ya isha na chakula alifunga mlango, akateremsha udi kutoka mahali pake, akaufuta kwa kipande cha hariri, akaanza kukaza nyuzi. Udi kwa desturi una nyuzi 11, nazo hukaa mbili mbili isipokuwa mmoja uliojitenga peke yake, na kuzipatanisha zote ni kazi ya subira. Aghalabu sisi watoto tulilala kabla hajamaliza. Hakupiga arusini kwa malipo, wala hakutaka. Alikuwa na wenzake watatu waliomjia: mmoja wa fidla, mmoja wa dumbaki, na wa tatu asiyejua kupiga chombo chochote ila alijua kusikiliza. Mjomba alisema kwamba huyo wa tatu ndiye aliyekuwa adimu.

Nilipokuwa mwanafunzi nilipelekwa kwake kila likizo, na kazi yangu ilikuwa kumtungia uzi katika sindano, maana macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Kwa hiyo nilikaa kando yake siku nyingi, nikaona kila kitu kilichokuwa juu ya baraza ile, bila kujua kwamba naona. Njia iliyopita mbele yetu ilikuwa nyembamba, na ng'ambo yake ilisimama nyumba ya ghorofa iliyopakwa chokaa. Jua lenyewe halikumfikia mjomba; lilipiga ukuta ule mweupe, na nuru ikamjia imekwisha kupoa, pana na tulivu, isiyo na kivuli kikali. Aliketi ubavu, njia ikiwa upande wake wa kushoto. Nilidhani aliketi hivyo kwa mazoea tu. Ilinichukua miaka 25 kufahamu kwamba mtu ashonaye kwa mkono wa kulia akipata nuru kutoka kushoto, kivuli cha mkono wake huanguka mbali na ncha ya sindano. Akigeukia upande wa pili, hushona katika giza alilojitengenezea mwenyewe.

Mwaka 2003 mwenye nyumba aliuza, na mnunuzi alitaka nyumba tupu. Mjomba alikuwa na umri wa miaka 66. Alikuwa na kiwanja Likoni alichokinunua zamani kwa kudunduliza, na mwanawe mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi Muscat, aliahidi kuleta fedha za kujengea. Ikabaki ramani, na ramani ilikuwa juu yangu. Nakiri mbele yako, msomaji, kwamba sikumwuliza mjomba swali hata moja. Nilimpenda, na nilidhani kumpenda mtu kwatosha kumjua.

Nilichora nyumba ambayo ningependa watu waione. Niliweka sebule kubwa mbele, yenye madirisha mapana ya vioo na sakafu ya vigae ving'aavyo. Mbele ya sebule niliweka bustani ndogo ya maua, na mbele ya bustani ukuta wa kimo cha mita 2 wenye lango la chuma. Chumba cha kushonea sikukisahau. Nilikiweka nyuma, pembeni, mahali ambapo wageni wasingekiona, na dirisha lake likatazama magharibi kwa sababu hapakuwa na upande mwingine uliobaki. Wahenga husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika ramani yangu mgeni alipona. Mwenyeji ndiye aliyeugua.

Nyumba ilikwisha, wakahamia. Watu walikuja wakaisifu sebule, nami nikasimama mlangoni nikipokea sifa kama bwana arusi. Mkaza mjomba alipenda jiko lake, na mpaka leo nashukuru kwamba jiko angalau sikulikosea. Mjomba hakusema neno. Alizunguka vyumba vyote mikono ikiwa nyuma, akagusa kuta, akasema, "Allah akujazi kheri, mwanangu," akaenda kuketi kitandani.

Miezi mitatu ikapita. Asubuhi moja nilikuwa Likoni kwa kazi nyingine, nikaingia katika feri ya saa 12 unusu kurudi kisiwani. Wanaovuka kwa miguu hawatozwi nauli, na saa hiyo wao ni bahari juu ya bahari: wachukuzi, wanafunzi, wauza samaki, makarani, wote wamesimama bega kwa bega. Katikati yao nikaona kofia ninayoijua. Mjomba alikuwa amesimama, ameshikilia chuma kwa mkono mmoja, na kwapani ana bahasha ya kitambaa iliyofungwa kwa kamba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Waenda wapi na mapema hii?"

"Kazini."

"Kazini wapi? Si una chumba cha kazi nyumbani?"

Alitabasamu, na tabasamu lile lilinichoma kuliko tusi. "Chumba kile ni kizuri," akasema. "Nimeweka baiskeli ya mjukuu." Kisha akaona uso wangu, akaongeza kwa upole, "Nyumba yako haina lawama, mpwa wangu. Ni ya kulala. Kwa kushona, rafiki yangu mmoja amenipa pembe ya baraza yake mjini."

Nilimwuliza juu ya udi. Akatazama maji. Akasema kwamba tangu wahame hajaupiga, ila mara moja katika ile sebule, na sauti ilikwenda kwenye vioo ikarudi kama vikombe vinavyovunjika.

Sikushuka kwenda ofisini. Nilipanda feri ile ile kurudi Likoni, nikamwendea mkaza mjomba jikoni, nikamwomba aniambie yote. Naye aliniambia. Katika chumba cha nyuma asubuhi palikuwa giza, na kuanzia alasiri jua lilimpiga mjomba usoni hata hakuweza kuona kitambaa cheupe mbele yake. Wateja wa zamani walikuja mara moja wakagonga lango, wasisikiwe, wakarudi zao. Wapya hawangeweza kujua kwamba nyuma ya ukuta ule yuko mshoni. Mwisho akanieleza jambo ambalo mjomba alimkataza kulisema. Kanzu moja ilirudishwa. Nakshi ya shingoni ilikuwa imekwenda upande. Katika miaka 42 haikupata kurudishwa kanzu iliyotoka mkononi mwake, na usiku ule aliketi na kanzu ile magotini mpaka alfajiri. "Asema macho yake yamekufa," mkaza mjomba akaniambia. "Asema sasa anangoja mengine."

Macho yake hayakuwa yamekufa. Yalikuwa yamezeeka, kama yazeekavyo macho ya watu wote, lakini aliyeyaua alikuwa mimi, kwa penseli na rula. Na mtu yule, badala ya kunilaumu, alijilaumu mwenyewe.

Usiku ule nilikumbuka nyumba moja niliyoisoma nilipokuwa chuoni. Iko Paris, mji mkuu wa Ufaransa, nayo huitwa Nyumba ya Kioo. Ilijengwa kati ya mwaka 1928 na 1932 kwa ajili ya tabibu wa wanawake aliyeitwa Jean Dalsace na mkewe Annie. Mchoraji wake, Pierre Chareau, alikuwa hodari wa kubuni samani, akasaidiwa na mjenzi wa Uholanzi, Bernard Bijvoet, na mhunzi stadi, Louis Dalbet. Mwanzo wake wachekesha. Walitaka kubomoa jengo la zamani, lakini bibi mmoja mzee aliyepanga orofa ya juu kabisa alikataa katakata kuhama. Basi wakamwacha palepale alipo, wakaitegemeza orofa yake kwa nguzo za chuma, wakaondoa kila kilichokuwa chini yake, na katika pengo lile wakajenga nyumba mpya ya orofa tatu. Sijapata kusikia mwenye nyumba mwingine aliyemheshimu mpangaji kwa kiasi kile, ijapokuwa kwa kulazimishwa.

Lakini chuoni nilivutiwa na vile vioo tu, yaani ukuta wa matofali ya kioo unaoingiza nuru bila kumwezesha wa nje kuona ndani. Sasa nikakumbuka jambo lililo kubwa zaidi. Daktari yule alikuwa na maisha mawili. Mchana alitibu wagonjwa, nao ni watu wanaohitaji sitara. Jioni yeye na mkewe waliwakaribisha waandishi na wasanii, maana walipenda sana fasihi na sanaa za kisasa. Nyumba ilichorwa kufuata saa za maisha hayo. Chini palikuwa na zahanati. Juu yake sebule yenye kimo cha orofa mbili na ukuta mzima wa vitabu. Juu zaidi vyumba vya kulala. Na penye ngazi kuu waliweka viambaza vya chuma vyenye matundu, vinavyofungwa na kufunguliwa. Saa za kazi vilifungwa, mgonjwa akapita kwenda kwa daktari bila kuyaingilia maisha ya jamaa. Jioni vikafunguliwa, na mgeni akaiona ngazi ikimwita juu. Mlango ni mmoja, ila mchana una maana yake na usiku una maana yake.

Hata hivyo, sikuwa na haja ya kwenda Paris. Katika nyumba kongwe za mawe za Lamu, mji ulioingizwa mwaka 2001 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, jambo hili lilijulikana zamani sana. Upana wa chumba cha Lamu ulifuata urefu wa boriti za mkoko, ndiyo sababu vyumba ni virefu na vyembamba. Lakini mengine mengi yalifuata shughuli za mwenyewe. Tajiri wa Lamu aliishi kwa biashara ya bahari, na watu wa kila namna walimjia. Basi akajenga daka lenye baraza mlangoni, ili mazungumzo ya biashara yafanyike pasipo mtu kuingia ndani. Akajenga sabule, ambamo mgeni wa mbali angekaa siku nyingi akingoja msimu wa pepo ugeuke. Na ndani kabisa, mbali na wapita njia, akapamba ukuta kwa zidaka za chokaa. Babu zetu wajenzi walianza na maisha ya mtu, wakaenda kwenye ukuta. Mimi nilianza na ukuta.

Siku iliyofuata nilichukua daftari, nikavuka, nikaenda kuketi kando ya mjomba katika ile baraza ya kuazima. Nilikaa siku tatu. Sikumweleza sababu, naye hakuuliza. Alinipa sindano nitunge uzi, kama zamani.

Niliandika kila kitu. Niliandika kwamba kazi ya nakshi aliifanya asubuhi, nuru ikiwa laini na macho yakiwa hayajachoka, na kazi ya cherahani aliiweka alasiri. Niliandika kwamba siku ya kwanza aliinuka mara 31 kabla ya adhuhuri: kufuata mkasi, kufuata pasi ya makaa, kufuata chaki iliyoviringika. Kwa mtu mwenye magoti ya miaka 66, hizo ni ngazi za mnara. Niliandika kwamba watu 57 walimsalimu siku hiyo, na katika hao 4 tu walikuwa wateja. Mwanzoni nilidhani wale 53 walikuwa wakimpotezea wakati. Siku ya tatu, mmoja wa wale waliomsalimu tu alirudi na jora la kitambaa kwa arusi ya mwanawe, kanzu sita. Hapo nikafahamu kwamba salamu zilikuwa sehemu ya kazi yake, kama uzi na sindano, na kwamba nilipojenga ukuta wa mita 2 nilimfungia duka.

Nilimwambia mjomba kwamba nataka kuibomoa nyumba upande wa mbele. Alinitazama mabegani, akanipima, akasema, "Fedha?" Nikasema zipo. Hazikuwapo; za Muscat zilikuwa zimekwisha. Niliuza pikipiki yangu, na kwa muda wa mwaka mmoja nikawa mtu wa matatu.

Hapa nitakaa kidogo juu ya jua, maana vijana wanaosoma vitabu vya ujenzi vya nchi za mbali hukosea hapa. Katika nchi za Ulaya wachoraji wa picha tangu zamani wamependa dirisha la kaskazini, kwa sababu kule jua la mchana hukaa kusini, na upande wa kaskazini hupata nuru isiyobadilika sana. Mombasa iko karibu nyuzi 4 tu kusini mwa Ikweta. Kwetu jua la adhuhuri huegemea kaskazini katikati ya mwaka, na mwisho wa mwaka huhamia kusini. Mara mbili kwa mwaka hupita juu ya utosi. Pande zote mbili hizo jua huwa juu sana, na upenu wa kadiri hulizuia. Adui yetu ni mashariki na magharibi, ambako jua hushuka chini, likapita chini ya upenu wowote, likaingia chumbani kama mwizi aliyekuta mlango wazi. Dirisha la magharibi nililompa mjomba lilikuwa kosa ambalo fundi asiyejua kusoma asingelifanya.

Kwa bahati barabara ya Likoni ilipita kaskazini mwa kiwanja. Niliangusha ukuta wa mbele pamoja na lango, na kwa mawe yake ya matumbawe tukajenga baraza ndefu ya kimo cha sentimita 45, ikitazama barabara. Nilitokeza paa mita moja na nusu mbele yake, na chini ya upenu nikapaka rangi nyeupe. Pembeni nilibakiza kipande cha ukuta wa zamani, nacho nikakipaka chokaa, ili nuru ipige hapo kwanza ndipo imfikie mjomba, kama ilivyokuwa Mji wa Kale. Cherahani iliwekwa hivi kwamba barabara ikawa kushoto kwake.

Sebule niliikata katikati. Nusu yake ikawa chumba cha kukatia, wazi kwa upande wa baraza, na hapo nilimsimamisha mjomba, nikampima toka sakafuni mpaka kiwikoni, kama yeye alivyowapima watu maisha yake yote. Alicheka sana. Mazoea yangu yalikuwa kuchora meza ya kusimamia yenye kimo cha sentimita 90. Yake ilitoka 84, maana alikuwa mfupi. Meza haikuwekwa barazani, kwa sababu kaskazi ikivuma hupeperusha vipande vilivyokatwa, na mshoni akikimbiza mkono wa kanzu barabarani hupoteza heshima. Ukutani, mahali ambapo mkono wake ungefika bila yeye kuinuka, nilichimba zidaka saba: za nyuzi, za chaki, za mkasi, za vifungo. Moja aliiacha tupu. Nilipomwuliza, alisema ni ya kahawa.

Ukabaki udi. Juu ya udi sikuwa na wazo lolote, na mara hii nilikuwa nimekwisha jifunza kuuliza. "Mjomba," nikasema, "kule mjini ulipiga katika chumba kipi?"

"Chumba cha majora," akajibu. "Ulidhani ni kwa sababu ya kukosa nafasi?"

Ndipo akanifundisha. Ukuta mtupu wa saruji, na kigae, na kioo, hurudisha sauti yote kwa fujo, nguo huimeza. Lakini nguo pande zote huimeza mno, na udi ukawa kama mtu anayesemea ndani ya shuka. Yeye alipanga majora pande tatu, akaacha ukuta mmoja wazi, akaketi akiuelekea, ili sauti imrudie kidogo, "kama mwenzio anayekuitikia." Udi pia hautaki jua wala joto, maana umeunganishwa kwa vipande vyembamba vya mti na gundi. Na nguo nayo haitaki jua, kwa sababu hupauka. Hivyo vitu viwili ambavyo mimi ningevitenga katika vyumba viwili vilikuwa vikitaka chumba kimoja, na kile chumba cha nyuma, ambacho nilikilaani kwa giza lake, ndicho kilichofaa. Tuliziba dirisha la magharibi, tukaacha tundu la hewa upande wa uani, tukajaza rafu. Baiskeli ya mjukuu ikatolewa.

Siku ya kwanza ya kazi nilifika mapema. Mjomba alikuwa ameketi mahali pake, miwani puani, barabara kushoto kwake, na tayari watu wawili walikuwa wamesimama wakimsalimu. Aliniona, akaninyoshea sindano na uzi kama desturi. Nilipokuwa naramba ncha ya uzi akanigusa mkono. "Lete," akasema. Akaishika sindano mbele ya ule ukuta mweupe. Akakosa. Akakosa mara ya pili. Mara ya tatu uzi ukapita. Hakusema kitu, wala mimi sikusema, ila aliuvuta uzi ule mrefu kuliko ilivyohitajika, akautazama.

Ile kanzu iliyorudishwa aliifumua shingoni na kuishona upya. Mwenyewe alikuwa amekwisha kununua nyingine, akasema haihitaji. Mjomba alimpelekea kwa miguu, bure.

Aliishi katika nyumba ile miaka 11 baada ya kubomolewa na kujengwa upya. Usiku wenzake walivuka feri kumjia, kwanza watatu, kisha wawili, mwisho yule msikilizaji peke yake. Wapitao nyuma ya nyumba walisikia kidogo tu, kwa sababu ya majora. Mjomba alifariki mwaka 2015, na mkaza mjomba akamfuata baada ya miaka miwili.

Watoto wao walitaka kuiuza. Wanunuzi walikuja mmoja mmoja, wakaiona ni nyumba ya ajabu: haina sebule ya maana, haina lango, ukuta umejaa matundu, na chumba kizima hakina dirisha. Mmoja aliniuliza, bila kujua ni mimi, ni mjinga gani aliyeichora. Nilianza kuogopa kwamba nimemshonea mtu mmoja kanzu isiyoweza kuvaliwa na mwingine.

Mwishowe ilinunuliwa na mama mmoja mchoma mahamri. Huamka saa 9 za usiku kukanda unga, na alfajiri wanaokwenda kwenye feri hununua barazani kwake. Jua likichomoza amekwisha uza yote. Nilipita kumtembelea mwaka jana. Katika zidaka ameweka iliki, sukari na chenji. Ile moja ingali ya kahawa, ijapokuwa hakuambiwa na mtu. Alinilalamikia juu ya chumba cha nyuma, kwamba ukisema neno ndani yake hujibiwa, na watoto wake hawataki kulala humo. Nikamweleza kwamba kilikuwa chumba cha nguo. Meza ya kukatia ndiyo anayosukumia unga. Ilikuwa fupi kwake, basi ameiinua kwa matofali manne.